Mume wangu hapiti tena mlango wa mbele

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma safu yako miaka mingi na sikudhani ipo siku nitakuandikia, tena kwa jambo ambalo nikimsimulia mtu atacheka. Ni habari ya rangi ya mlango. Ukitaka kucheka cheka, ila nisome hadi mwisho.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38. Mume wangu ni dereva wa malori ya mizigo, anakwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia, safari nyingine Kongo. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ana miaka mitatu. Kiwanja chetu cha Chanika tulikinunua mwaka 2014. Tumejenga kama wanavyojenga wenzetu: akirudi safari hii ni tripu ya mchanga, safari ile mifuko kumi ya saruji, kikoba changu kikivunjwa naongeza nondo. Mwaka 2019 tulihamia nyumba ikiwa na vyumba viwili tu vyenye dari. Mlango wa mbele ulikuwa bati limepigiliwa kwenye mbao, upepo ukivuma linalia usiku kucha. Nimeishi na bati hilo miaka mitano.

Mwaka jana mume wangu akaleta mlango. Aliununua Keko, mninga mtupu, una maua mawili ya kuchonga sehemu ya juu. Laki sita na fremu yake. Ulipoteremshwa kwenye kirikuu aliupigapiga kwa kiganja kama mtu anayesifia ng'ombe, akasema, "Hii ndiyo mbao ya kwetu." Kwao ni Urambo, Tabora. Neno hilo alilirudia kwa kila jirani aliyepita jioni ile. Nikajisemea moyoni, haya, nyumba tumejenga wote lakini mlango ni wa kwao.

Nyumba yetu inatazama magharibi, jua la alasiri linaupiga mlango moja kwa moja. Ulikuja na vanishi ya mkono mmoja tu, na haukumaliza mwaka, huku chini ikaanza kubanduka kama nyoka anayejivua gamba. Nikamwambia mwenzangu tuupake rangi. Akasema, "Tutapaka vanishi nyingine." Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, akadakia kwamba nyumba ya watu wazima mlango wake huwa wa rangi ya mbao, mambo ya kupakapaka ni ya watu wa pwani. Mimi ni wa Pangani. Nilimeza mate nikaendelea kuchambua mchele.

Shangazi, mimi nataka bluu. Nimelelewa na bibi yangu, na mlango wake ulikuwa bluu. Babu alikuwa mvuvi. Kila alipomaliza kupaka mashua yake, rangi iliyobaki aliipaka mlangoni. Ukitoka shule unauona tangu kule kwenye minazi, njaa inapungua hata hujafika. Bibi alifariki mwaka 2016, nyumba ikauzwa, aliyenunua ameibomoa. Sina hata picha.

Mwezi wa nane mume wangu amekwama kwenye foleni Tunduma, nikachukua hela zangu za sare za shule nikanunua kopo la lita 4 la rangi ya mafuta, bluu, nikamwita kijana mmoja wa mtaani. Akapitisha msasa kidogo, akapaka mkono wa kwanza upande wa nje, akamaliza saa kumi na moja jioni. Nilivuka barabara nikasimama ng'ambo nikautazama. Nilitokwa na machozi, sikufichi. Mkono wa pili tulipanga kesho yake.

Usiku uleule mume wangu akarudi, bila simu wala ujumbe. Nilichungulia dirishani nikamwona amesimama na begi lake mbele ya mlango, kimya. Kisha akazunguka nyumba akaingia kwa mlango wa uani, kupitia jikoni. Hadi leo ninapoandika ni wiki ya sita, amesafiri mara mbili na kurudi, hapiti mlango wa mbele. Hajanuna. Anakula, anacheza na watoto, ada ya shule amelipa. Ila anapita uani kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Rafiki zake wakija wanakaa barazani, yeye anatokea nyuma. Majirani wameshaona. Shemeji yangu alikuja akasema nyumba imekuwa kama kibanda cha wakala wa pesa. Mjumbe naye kaniuliza kwa utani, "Mama, mmehamia chama gani?"

Sijamuuliza, naye hajaniuliza. Mlango umebaki na mkono mmoja, brashi imekaukia ndani ya kopo. Kuna siku nasema niurudishe kama ulivyokuwa yaishe. Nikiwaza hivyo roho inaniuma, maana mama mkwe atakuwa amenishinda kwenye mlango wangu mwenyewe. Siku nyingine nasema nimwite yule kijana amalizie, na hapo naogopa. Nifanyeje?

Mama Wawili, Chanika

*

Marahaba, mwanangu.

Sijacheka. Nilitabasamu mara moja tu, kwa mjumbe, maana alisema kweli bila kukusudia. Kwetu huwezi kupaka rangi ukaachwa hivihivi. Paka kijani na njano, nusu ya mtaa watakuita CCM na nusu watakuita Yanga. Paka nyekundu, umeshakuwa Simba. Ukiwa Unguja ukapaka zambarau, utajibu maswali ya ACT mpaka uchaguzi upite. Bluu yako angalau imewachanganya. Ya mjumbe na shemeji yaache huko huko barabarani. Wote wawili hawalali humo ndani.

Wanaolala humo ni wewe, watoto, na mwanamume anayezunguka nyumba. Ulivyonieleza, umebanwa katikati: ukiurudisha mlango umeshindwa, ukiumalizia umetangaza vita. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama mahali palepale, pale kwenye kirikuu.

Mumeo aliupigapiga mlango akasema "mbao ya kwetu". Wewe ulisikia "nyumba ya kwetu". Huenda ulisikia sawasawa, mimi sikuwepo. Lakini mninga, mwanangu, ni mti wa miombo, na Tabora ni nchi ya miombo. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mafundi wanaupenda kwa sababu haupindi ovyo, mchwa hawauwezi, na ukiupiga randa yale mawimbi yake ya kahawia na dhahabu yanatokea yenyewe. Mtoto wa Urambo amekua anaiona miti hiyo imesimama. Kisha amekuwa dereva, analala kwenye kabini, miaka mitano anarudi kwenye nyumba yenye bati mlangoni, na siku alipopata laki sita hakununua mlango wa chuma kama wengi wanavyofanya. Alikwenda Keko akachagua mninga. Je, inawezekana kwamba siku ile alikuwa anakuonyesha kitu, na wewe ukaona anakunyang'anya? Nauliza tu. Wa kujibu yuko humo ndani.

Na mama mkwe nimemtazama vizuri. Kwa maelezo yako mwenyewe, mumeo alisema "tutapaka vanishi nyingine" kabla mama hajafungua mdomo. Mama alidakia. Maneno yake yalikuchoma, na yana haki ya kukuchoma, lakini sioni mahali ambapo mumeo alimtuma au hata alimuunga mkono. Halafu hata ujuzi wake wa pwani una walakini. Milango yetu inayosifiwa kuliko yote, ile ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, mingi yake haifunikwi kwa rangi. Inapakwa mafuta, mbao inaachwa ionekane na vile vichwa vya shaba vinang'aa juu yake. Watu wa pwani hao hao. Aliyekuwa anapaka rangi ni mvuvi mwenye mlango wa mbao ya kawaida, na alipaka kwa sababu ya chumvi na jua.

Sasa nirudi kwa babu yako, maana na hapo sijaona ulichotegemea nikione. Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, habari ya mashua na rangi iliyobaki na kile kijitoto kinachotoka shule. Hujaandika popote kwamba mumeo umemsimulia. Kama anajua, basi amezunguka nyumba huku akijua, na hilo ni zito, utaniandikia tena. Kama hajui, basi alichokiona usiku ule ni laki sita zake zimefunikwa na mtu asiyejulikana, kwa rangi isiyo na sababu, yeye akiwa kwenye foleni.

Kuna kitu kidogo mno, nakitaja kwa kuwa nimekulia nyumba ya fundi rangi. Kijana alimaliza saa kumi na moja jioni, na rangi ya mafuta haikauki saa mbili tatu. Mumeo alipofika mlango ulikuwa bado unanata. Usiku wa kwanza mtu yeyote mwenye akili angezunguka. Usiku wa pili na wa wiki ya sita, hizo ni habari nyingine, lakini ile picha ya kwanza unayoitazama kila siku kichwani, ya mtu na begi lake, huenda imebeba hasira kidogo kuliko ulivyoipakia.

Na huko anakopita ni wapi? Jikoni kwako. Mwanamume aliyechoka kukuona angeweza kuingia kwa mlango wa mbele akapitiliza chumbani, wewe ukiwa nyuma kwenye masufuria hata usijue amefika. Huyu kila jioni anapita pembeni yako. Sisemi ni mapenzi. Inaweza kuwa ni adhabu, anataka umwone. Ninachokiona mimi ni kwamba mnapishana kwa umbali wa mkono mmoja kwa wiki sita na hakuna aliyesema neno.

Nisikuonee, kuna upande wako ambao nauona wazi. Yeye anaiona nyumba hiyo siku chache kwa mwezi, wewe unaiona kila kunapokucha. Vumbi la barabara unalifuta wewe. Kuhusu jua la magharibi una haki kabisa: vanishi isiyo na rangi hupitisha jua hadi kwenye mbao, mbao hupauka chini yake, kisha vanishi yenyewe inashikwa na nyufa na kubanduka. Rangi inayofunika huzuia jua vizuri zaidi. Kwa hiyo uliposema "tuupake" ulisema jambo la maana, na jibu la "vanishi nyingine" lilikuwa fupi kuliko swali. Kopo la lita 4 hapo ndipo ulipozidisha, mwanangu. Lita moja ingetosha mlango huo mikono miwili, na fremu.

Lakini kupaka akiwa Tunduma ni jambo jingine, na ningependa ulitenganishe na bluu. Unaweza kuitetea bluu hadi mwisho na bado ukasema, "Kukuvizia haikuwa sawa." Moja halifuti jingine. Wengi wakifika hapo wanayafunga pamoja, ama wanaomba radhi kwa kila kitu ama wanakataa kila kitu.

Haya, njia zilizopo. Ya kumalizia mkono wa pili kimyakimya umeshaiogopa mwenyewe, na hofu hiyo ina sababu. Mlango utapendeza, mkono wa pili ndio unaofunga rangi. Ila mumeo atakuwa amejibiwa bila kuuliza, na jikoni patakuwa njia yake ya kudumu.

Kuurudisha inawezekana, na si rahisi kama unavyodhani. Bahati uliyonayo ni ile vanishi ya Keko: kwa kuwa kijana alipitisha msasa kidogo tu, sehemu kubwa ya bluu imekaa juu ya vanishi, haijaingia kwenye mbao. Huku chini ilikokuwa imebanduka, hapo imezama kwenye vinyweleo vya mninga, na unaweza kukwangua mpaka ukachoka bado ukaona vijidoa vya bluu. Maua ya kuchonga ndiyo mtihani. Msasa wa haraka utayapunguza makali yakawa kama sabuni iliyotumika, kwa hiyo inatakiwa dawa ya kuondolea rangi, mswaki wa zamani na subira. Na mtoto wa miaka mitatu asiwe karibu. Rangi za mafuta nyingine bado zina madini ya risasi, na vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huharibu akili. Angalia kopo lako kama limeandikwa kuwa halina risasi. Lisipokuwa na maandishi hayo, msikwangue pakavu, loweshani msasa, kisha mfute na kufua nguo. Hatari nyingine ya njia hii unaijua: ukiurudisha huku umefunga meno, kila mwaka vanishi ikitaka kupakwa tena utakuwa unampaka mama mkwe.

Kuna za katikati. Mninga ubaki mninga, bluu iende kwenye fremu na grili, kama mnayo. Ama maua na vibao vya katikati viachwe mbao, na kingo ziwe bluu. Ikifanywa na fundi mwenye mkono mtulivu hupendeza sana. Ikifanywa ovyo, mtapata mlango ambao hakuna kati yenu anayeupenda, na kila mmoja anaona kile kipande alichopoteza. Upande wa ndani hukuugusa, bado ni mninga, na hilo nalo mnaweza kuliacha lilivyo: barabara ione Pangani, sebule ione Urambo. Wengine wangekwambia bluu uipeleke kwenye mlango wa uani. Mimi nasita kidogo hapo, kwa sababu nakusikia tayari ukisema, "kwa hiyo mimi ni wa nyuma." Kama hutasema hivyo, ni njia nzuri. Ndiyo njia anayopita.

Hizi zote zinahitaji watu wawili kwenye chumba kimoja. Usimtume mshenga, wala kaka yake, wala usimpigie simu mama mkwe kutafuta suluhu. Jambo hili bado ni dogo, na likishapita kwa watu wanne litakuwa kubwa bila sababu. Wala usianze na "kwa nini hupiti mlango wa mbele?" Swali hilo lina kidole ndani yake. Ningekuwa mimi ningeanza na mashua. Siku atakapopita jikoni, mpe kigoda, mwambie, "Sijawahi kukusimulia mlango wa bibi." Ukimaliza, muulize mninga aliuonea wapi kwa mara ya kwanza. Usikilize bila kutayarisha jibu. Anaweza kukuambia jambo la baba yake, anaweza kukuambia tu kwamba hela ile ilimtoa jasho. Anaweza asikwambie kitu, akanywa chai akaondoka, madereva wengine wamezoea kukaa na mawazo yao kilomita mia tisa. Hapo usikate tamaa siku hiyohiyo.

Nimeona pia kwamba ndani ya barua moja mlango ulianza kuwa "wa kwao", ukaishia kuwa "wangu mwenyewe". Wenu haukuwa hata mara moja. Sikulaumu, nyumba inayojengwa kwa mifuko kumi kumi humfanya kila mtu akumbuke mifuko yake. Jiulize tu kama yeye naye ana hesabu yake kichwani, na kama inafanana na yako.

Usijisukume, ila usikae mpaka Desemba. Vuli ipo njiani, na mkono mmoja wa rangi juu ya vanishi inayobanduka hauwezi mvua ya upepo. Maji yataingia chini ya rangi, mtakuta malengelenge, na hapo mtalazimika kukwangua hata kama mmekubaliana bluu. Kwa sasa tundika kipande cha turubai juu yake mvua ikianza, kipate hewa kwa chini.

Kopo lifunge kwa kugonga kifuniko pande zote, kisha ulipindue, utando ukijitengeneza ubaki chini utakapolifungua. Liwe mbali na mdogo. Brashi ile imeshakufa, itupe, ununue nyingine ya inchi mbili. Utaihitaji mkichagua rangi, na utaihitaji mkichagua vanishi.

Shangazi